Kubandua Sakafu ya Zamani kwa Mashine ya Umeme: Mwongozo Kamili wa Usalama

Mashine ya umeme ya kubandua sakafu ni chombo cha kusukuma kwa mikono miwili, chenye mota juu na kisu kipana mbele. Mota ikizunguka, kisu hucheza mbele na nyuma kwa mwendo mfupi na wa haraka sana, kikijipenyeza kati ya zege na kile kilichobandikwa juu yake. Kazi yake ni kuondoa zulia lililobandikwa kwa gundi, vinaili ya kipande kizima au ya vipande vidogo, pamoja na gundi iliyobaki chini yake. Zipo pia zenye nguvu zaidi ambazo hung'oa mbao za sakafu na vigae vya kauri. Kwa chumba kidogo cha kulala skrepa ya mkono inatosha, na sioni sababu ya kukodi mashine kwa ajili ya mita tisa za mraba. Kwa ukumbi, ofisi au korido ya hoteli, mashine huokoa muda mwingi na migongo ya mafundi.

Maelezo yanayofuata yanahusu mashine za ukubwa wa kati, zenye uzito wa kati ya kilo 20 na 60 hivi, zinazotumia umeme wa kawaida wa jengo. Zile kubwa ambazo mwendeshaji huketi juu yake zinahitaji mafunzo maalumu, na hazizungumziwi hapa.

Jua kwanza unachokibandua

Hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii haiko kwenye kisu wala kwenye umeme, bali kwenye sakafu yenyewe. Vipande vya vinaili vilivyotengenezwa katikati ya karne ya 20, hadi kufikia miaka ya 1980, mara nyingi vilichanganywa na nyuzi za asbesto ili viwe vigumu na visishike moto kwa urahisi. Gundi nyeusi ya lami iliyotumika kuvibandika nayo yaweza kuwa na nyuzi hizo, na vivyo hivyo karatasi ya kijivu iliyo chini ya baadhi ya vinaili za shuka, yaani zile za kipande kizima. Nyuzi hizi zikivutwa ndani ya mapafu husababisha saratani na makovu ya mapafu, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi, aghalabu zaidi ya ishirini, wakati fundi amekwisha kusahau hata jina la jengo alilolifanyia kazi.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zikawa zimefanya hivyo kufikia 2005. Kwa kuwa vifaa vingi vya ujenzi vya Afrika Mashariki viliagizwa kutoka huko, jengo lolote la zamani lenye sakafu yake ya asili linastahili kutiliwa shaka. Dalili za kuangalia ni vipande vya mraba vyenye upande wa inchi 9, yaani sentimita 23 hivi, vilivyo vigumu na vinavyovunjika kama biskuti badala ya kupinda, na gundi nyeusi chini yake. Vile vya inchi 12 navyo havina uhakika. Dalili hizi huongeza shaka tu. Hakuna jicho linaloweza kuthibitisha kuwapo au kutokuwapo kwa asbesto, na jibu la kweli hutoka maabara.

Kwa hiyo ukikutana na sakafu ya namna hiyo, usiwashe mashine. Usiisugue, usiivunje kipande ili "kuona tu", na usiifagie kavu. Kwa Tanzania, wasiliana na ofisi ya kanda ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao unasimamia sheria ya mwaka 2003. Kwa Kenya, idara ya serikali ya usalama na afya kazini inasimamia sheria ya 2007, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina miongozo yake kuhusu asbesto. Mwenye jengo aelezwe pia kwamba sakafu iliyo nzima, isiyopasuka wala kubanduka, mara nyingi ni salama zaidi ikiachwa mahali pake na kufunikwa kwa sakafu mpya kuliko ikiguswa. Mafundi wengi hawalipendi jibu hili kwa sababu linawapunguzia kazi, lakini ndilo sahihi.

Ukishaondoa shaka hiyo, tafuta kilicho chini ya sakafu ambacho si sakafu: visanduku vya soketi za sakafuni, misumari na skrubu, vipande vya shaba vya mlangoni, mbao nyembamba zenye meno ya misumari zinazoshika kingo za zulia, na mabomba au nyaya zilizozikwa karibu na uso wa zege. Inua kona moja ya zulia, upapase kwa mkono uliovaa glovu, kisha utie alama kwa chaki kila mahali palipo na chuma. Kisu kinachogonga kichwa cha skrubu kwa kasi ile huvunjika ncha, na ncha hiyo hurushwa usijue inaelekea wapi.

Umeme unaoingia kwenye mashine

Mashine nyingi zinazotumika Afrika Mashariki ni za mitumba kutoka Ulaya au zimepitia Dubai, na hapa pana mtego ambao si kila muuzaji anaujua. Katika maeneo ya ujenzi ya Uingereza hutumika sana umeme wa volti 110 kupitia transfoma maalumu, kwa sababu transfoma hiyo hugawa umeme kiasi kwamba kila waya huwa na volti 55 tu ukilinganishwa na ardhi, na mtu akiguswa hapati madhara makubwa. Mashine hizo huwa na plagi ya duara ya rangi ya njano. Fundi anayeikata plagi ya njano na kufunga ya pini tatu za mraba, kisha akachomeka kwenye soketi ya volti 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya, huiunguza mota mara moja, na anaweza kuwasha moto. Mashine zilizotoka Marekani ni za volti 120 nazo zina balaa hilo hilo. Soma kibati kilichopigwa kwenye mwili wa mashine kabla ya kulipia: kitafute kiandiko cha volti, cha hezi (50 ndizo zetu), na cha wati. Kama kibati kimebanduliwa, iache.

Mtego wa pili ni waya wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Plagi ya duara ya nchi za Ulaya bara ina vibati vya ethi pembeni, siyo pini ya tatu, na ikilazimishwa kuingia kwenye adapta ya bei nafuu, pini mbili hushika na ethi hubaki hewani. Mashine hufanya kazi vizuri kabisa, wala hakuna kinachoonyesha kasoro, hadi siku waya wa ndani utakapogusa mwili wa chuma. Plagi hiyo iondolewe na fundi umeme afunge ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13. Kama mashine ina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake imekingwa mara mbili na haihitaji ethi, lakini nyingi za aina hii hazina alama hiyo.

Kati ya soketi na mashine pawe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Kipo cha kuchomeka kwenye soketi, kinachobebeka mkononi, na fundi wa kazi hii anapaswa kuwa nacho chake bila kutegemea cha jengo. Kabla ya kazi bonyeza kitufe chake cha kujaribia. Umeme ukikatika, ni kizima. Usipokatika, kitupe.

Waya wa ekstensheni uwe mnene. Kwa mashine ya wati 1,500 hadi 2,000, waya wa milimita za mraba 2.5 unafaa hadi mita 50 hivi, na wa 1.5 hadi mita 25. Waya mwembamba wa kuchajia simu na kuwashia redio hupunguza volti, na mota inayopata volti pungufu huvuta umeme mwingi zaidi ili kufanya kazi ile ile, ikapata moto hadi inanuka. Kama ekstensheni imezungushwa kwenye roli, ikunjue yote hata kama soketi iko hatua tatu tu, kwa kuwa waya uliobaki kwenye roli hauwezi kutoa joto lake na ngozi yake huyeyuka. Kwa jenereta, chagua yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati za mashine, kwa sababu mota huvuta umeme mwingi mno inapoanza, na iwekwe nje ya jengo mbali na madirisha kutokana na moshi wake wenye sumu.

Mavazi na maandalizi ya chumba

Vaa viatu vya usalama vyenye chuma puani, suruali ndefu, miwani inayofunika na pembeni, vifuniko vya masikio, na barakoa ya daraja la FFP2 au N95 kwa vumbi la kawaida, FFP3 kwa vumbi la saruji. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii vumbi hili. Glovu ziwe ngumu wakati wa kushika kisu na vipande vilivyobanduliwa. Nguo zisiwe na kamba zinazoning'inia, na mwenye nywele ndefu au kilemba akikaze.

Toa samani zote. Ondoa milango inayofunguka kwa ndani, kwani itakuzuia kwenye kingo. Zima kwenye swichi kuu saketi zinazolisha soketi za sakafuni, na upate umeme wa mashine kutoka mahali pengine. Funga milango ya ndani kwa nailoni ili vumbi lisisambae, lakini madirisha ya nje yaachwe wazi. Chumba kiwe na watu wawili tu: mwendeshaji na msaidizi. Watoto wa mwenye nyumba, walinzi na wapita njia wanaotaka kutazama wabaki nje, kwa maana kila mtu hupenda kusogea karibu na mashine inayopiga kelele.

Kukata sakafu kabla ya kuibandua

Zulia na vinaili ya shuka havibanduliwi vikiwa kitu kimoja. Chukua kisu cha mkono chenye wembe wa kunasa, uvikate viwe mikanda yenye upana unaolingana na kisu cha mashine au pungufu kidogo, kisha uikate mikanda hiyo kwa kukingama kila baada ya mita moja hivi. Bila mikato hiyo ya kukingama, zulia hujikunja mbele ya mashine hadi likawa fungu zito linaloikwamisha. Kata ukivuta kisu kupita pembeni ya mguu wako, kamwe usikivute kuelekea gotini.

Kisu cha mashine

Wengi hudhani kisu ni hatari kikiwa kinacheza tu. Ukweli ni kwamba kisu kipya hukata nyama hata kikiwa kimelala mezani, na mikono hukatwa zaidi wakati wa kukifunga na kukifungua. Basi utaratibu ni huu, na usiruke hata hatua moja: zima swichi ya mashine, chomoa plagi kwenye soketi na uiweke mahali unapoiona, subiri mota isimame kabisa, laza mashine nyuma juu ya mpini wake hadi kichwa kiwe juu, vaa glovu nene, legeza boliti kwa spana inayoshika barabara, toa kisu kwa kushika pande zake, wala si makali. Spana iliyolegea huteleza, na mkono uliokuwa ukikaza boliti hujikuta kwenye makali. Ukimaliza kufunga, hesabu boliti na uondoe spana mashineni kabla ya kuchomeka plagi.

Kisu kina upande mmoja ulionolewa kwa mshazari. Juu ya zege, kwa kawaida mshazari hutazama juu, ili uso bapa ulale kwenye zege na makali yaingie chini kabisa ya gundi. Juu ya mbao, mshazari hutazama chini, ili kisu kiteleze badala ya kuzama kwenye ubao. Ukikosea kwa zege utapoteza makali haraka. Ukikosea kwa mbao utachimba mashimo ambayo mwenye nyumba atayaona kila siku. Kitabu cha mashine kikitoa agizo tofauti, fuata kitabu.

Upana wa kisu nao huamua mambo. Sentimita 30 au 35 zinafaa kwa zulia lililolegea, lakini gundi ikiwa kali, tumia kisu chembamba zaidi, sentimita 20 au chini, kwa kuwa nguvu ile ile inakusanyika mahali padogo. Fundi anayelazimisha kisu kipana huegemea mashine kwa tumbo, na hapo ndipo mgongo na mota huumia kwa pamoja.

Kuiendesha

Bebeni mashine watu wawili, na kwenye ngazi mpini na kichwa vishikwe na watu tofauti, kisu kikiwa kimeondolewa. Chumbani, hakikisha swichi ya mashine imezimwa kabla ya kuchomeka. Pitisha waya juu ya bega lako ili ubaki nyuma yako daima, na msaidizi kazi yake ya kwanza ni waya huo: kuuondoa njiani, kuuangalia usipitiwe na kisu, na kukaa tayari kuchomoa plagi.

Inamisha mpini ili kisu kiinuke kidogo kutoka sakafuni, simama imara mguu mmoja ukiwa mbele, shika kwa mikono miwili, kisha washa. Mashine ikishashika kasi, teremsha kisu taratibu kwenye ukingo wa mkanda wa kwanza. Usiiwashe kisu kikiwa kimebana chini ya zulia, kwani itakurushia mpini. Anza na mkanda ulio karibu na ukuta wa mlango ili utembee juu ya zege lililokwisha kusafishwa na si juu ya takataka. Pembe ya kisu iwe ndogo, karibu kilale, kwa kuwa kisu kinachosimama huchimba na kurukaruka. Acha uzito wa mashine ufanye kazi. Wewe unaielekeza tu. Kwa vipande vya vinaili, ingia kwa pembe ya kiasi kwenye maungo yake badala ya kuyakabili moja kwa moja. Kwa sakafu ya mbao, fuata mwelekeo wa mbao, usizikate kwa kukingama.

Kila baada ya mikanda michache, zima, na msaidizi aondoe mabaki. Asiyaondoe mashine ikitembea, na asitembee mbele yake kwa sababu yoyote. Karibu na ukuta acha sentimita kumi hivi za kumalizia kwa skrepa ya mkono.

Mashine ikikwama, usiinyanyue wala kuisukuma kwa mguu. Zima, chomoa, ndipo utazame. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo, zima swichi ya mashine papo hapo na uchomoe plagi kabla ya kwenda kuuliza kulikoni. Mashine nyingi za zamani hazina kinga ya kujiwasha, na umeme ukirudi baada ya nusu saa, zitaanza kucheza zenyewe, pengine msaidizi akiwa ameketi juu ya zulia akipumzika kando ya kisu.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Chomoa au zima swichi kuu kwanza, na kama hufikii, msukume kwa mti mkavu.

Gundi iliyobaki

Baada ya zulia kutoka hubaki gundi ya manjano au ya kahawia yenye mistari ya mwiko. Badilisha kisu uweke kipya chembamba na upite tena. Kisu butu huipaka gundi badala ya kuing'oa. Kuna desturi ya kumwaga petroli au thina ili kuilainisha, na desturi hii lazima ikomeshwe. Mota za mashine hizi nyingi zina brashi za kaboni zinazotoa cheche kila zinapozunguka, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hulala sakafuni, mahali pale pale mota inapopita. Maji nayo yasimwagwe kwa kuwa umeme upo. Gundi isiyotoka kabisa na ikwanguliwe kwa skrepa, au mwenye kuweka sakafu mpya aulizwe kama gundi yake inaweza kushika juu ya mabaki membamba.

Mtetemo, kelele na vumbi

Kiwango cha mtetemo huandikwa kwenye kitabu cha mashine kwa mita kwa sekunde mraba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inaweka 2.5 kuwa kiwango cha kuanza kuchukua hatua na 5 kuwa kikomo, kwa siku ya saa nane. Mashine yenye mtetemo wa 10 hufikisha kiwango cha kwanza kwa nusu saa tu na kikomo kwa saa mbili. Kwa hiyo pokezaneni na msaidizi, na anayeanza kuhisi vidole vikifa ganzi au kuwa vyeupe aache siku hiyo. Kwa kelele, desibeli 85 ndicho kiwango cha kawaida cha saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu.

Vumbi la zege na la saruji ya kusawazishia lina silika, nayo ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya mapafu. Tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata vumbi laini sana. Kama haipo, lowesha mabaki kwa kunyunyiza baada ya kuchomoa mashine na kuiondoa chumbani, ndipo ukusanye.

Kufunga kazi

Chomoa plagi, toa kisu kwa utaratibu ule ule, futa gundi kwenye kichwa cha mashine kwa skrepa ya plastiki, na upulize vumbi kwenye matundu ya hewa ya mota. Pitisha waya wote mkononi, kipande kwa kipande, ukitafuta mkwaruzo. Ukionekana mchubuko unaofika kwenye nyaya za rangi, waya ubadilishwe, usifungwe kwa utepe. Takataka za zulia na vinaili ziwekwe kwenye mifuko imara na zipelekwe dampo, wala zisichomwe, kwa sababu vinaili ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Visu vilivyokwisha viwekwe kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, lililoandikwa kwa rangi kwamba lina visu, maana wanaobeba taka katika miji yetu hushika mifuko kwa mikono mitupu.